Kanisa la Bwana Philip na Mlango Wake

Ukishuka gatini Mtangawanda ukashika njia ya kwenda Pate, kabla hujaanza kuchoka utaona jengo jekundu limesimama peke yake nyuma ya mashamba ya simsim, na utajiuliza kama ni kituo cha polisi au ghala la baruti la enzi za masultani. Usione haya kuuliza. Hata mtaalamu mmoja wa magofu, aliyekuja na wanafunzi wake kutoka Nairobi, aliuliza. Alizipima kuta kwa utepe, akakwangua vumbi la tofali, akalinusa, kisha akawaambia wanafunzi kwamba kwa jinsi ukuta ulivyoliwa na chumvi, jengo hili huenda ni la Wareno.

Philip Sang alikuwa amesimama kando akimsikiliza, mikono nyuma. Ndiye aliyelijenga, na rangi ya mlango ilikuwa haijaona mvua nyingi. Alitaka kusema. Kisha akamtazama yule mtaalamu jinsi alivyokuwa amefurahi, akaona si vizuri kumharibia mtu safari. Akamuuliza tu kwa heshima, "Kwani Wareno walikuwa wajenzi wazuri?"

Mtaalamu akalitazama lile jengo tena, juu mpaka chini. "Hawa wa hapa," akasema, "sidhani."

Hicho ni kisa ambacho Philip mwenyewe hukisimulia kuliko mtu mwingine yeyote pale kisiwani, na hucheka kabla hajafika mwisho. Ana vingine vya aina hiyo, na karibu vyote anayechekwa ni yeye. Lakini kimoja hukisimulia polepole, na akifika katikati huvua miwani akaipangusa, nayo haina vumbi.

Kwanza ijulikane kwamba Philip hakuwa mjenzi. Alikuwa askari jela. Aliingia kazini akiwa kijana mwembamba kutoka Nandi, akatoka na mvi, kitambi, na sauti ambayo hata akiomba chumvi mezani, watu huketi wima. Kituo chake cha mwisho kilikuwa upande wa bara ya Lamu, wakati mkewe Jerioth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Pate. Siku ya kustaafu ilipofika, jamaa zao wote walitazamia warudi Nandi wafuge ng'ombe. Philip akafunga sanduku lake, akapanda boti, akamfuata mke. Maisha yao yote ilikuwa Jerioth ndiye anayemfuata, kutoka jela hii hadi jela ile, kutoka nyumba moja ya serikali hadi nyingine, zote zimepakana na ukuta mrefu na zote zinasikia makomeo yakifungwa jioni. Sasa zamu ilikuwa yake, naye hakunung'unika. Alinung'unikia joto tu.

Wakristo wa sehemu ile hawakuwa wengi: walimu, polisi wa kituo, muuguzi wa zahanati, wafanyabiashara wawili watatu wa kutoka bara. Walikuwa wakisali katika darasa la nne, wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia masikio. Aliyewatoa humo ni Bi Radhiya, rafiki wa Jerioth, mwanamke wa Pate mwenye shamba la minazi na simsim alilorithi kwa babake. Alimwona Jerioth akirudi kanisani Jumapili moja huku ameshika kiuno, akamuuliza ameanguka wapi. Alipoambiwa kwamba ni dawati, hakutaka maelezo zaidi.

"Kipande kile cha nyuma ya shamba hakina kazi," akasema. "Mwabuduni Mngu hapo. Nazi zangu tu musiziguse."

Basi kiwanja kikapatikana. Halafu zikaja zile habari mbaya za mauaji kutoka bara ya Lamu, ambazo hakuna haja ya kuzirudia hapa, maana kila nyumba inazikumbuka kwa namna yake. Hofu ikaingia. Watu waliokuwa wakipanga kanisa la mabati na makuti wakaanza kusema kwamba nyumba ile iwe pia mahali pa kukimbilia, iwe na kuta za kweli. Wakageuka wote wakamtazama Philip. "Mzee, wewe unajua kuta," wakamwambia.

Philip husema kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ni sawa na kumwambia mchinjaji, wewe unawajua ng'ombe, hebu mtibu huyu. Lakini siku ile hakuona hivyo. Siku ile alikohoa, akaweka mikono nyuma, akasema atalifikiria, na alipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza kulifikiria.

Jambo la kwanza aliloamua ni matofali. Pate yote imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo yapo tele, ukichimba choo unayapata. Ghassan, kakake Bi Radhiya, fundi seremala, alimwambia hivyo kwa upole. Philip akajibu kwamba nyumba ya Mungu ni ya matofali ya kuchoma. Kanisa la utotoni mwake kule Nandi lilikuwa la matofali, na la kwa mjomba wake pia, na kwa kadiri alivyojua yeye Yerusalemu nzima ilikuwa hivyo. Akaongeza kwamba jiwe la huku lina matundu, risasi itapita. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kujaribu.

Wakachimba udongo bondeni, wakaukanda kwa maji ya kisima cha karibu, ambacho maji yake hata punda huyanywa akiwa amekunja uso kwa chumvi. Wakafyatua, wakaanika, wakapanga tanuru na kulichoma kwa makumbi na magogo ya minazi iliyokufa. Tanuru la kwanza lilibomoka likawa rundo la majivu mekundu. La pili lilitoa matofali ya kutosha, mazuri kwa macho, na Philip akatembea kati yake akiyagonga kwa kifundo cha kidole na kuyasikiliza. Chumvi ilikuwa imejificha ndani, inangoja. Baada ya mvua ya kwanza ikajitokeza ukutani nyeupe kama unga wa ngano, na toka hapo kila anayeegemea ukuta wa kanisa huondoka na mgongo mwekundu. Jumatatu shuleni, watoto humjua mwalimu aliyesali na aliyedanganya kwamba alisali.

Kuta zenyewe alizifanya nene, mkono mzima wa mtu mzima. Madirisha aliyaweka juu karibu na paa, membamba, hata paka angepita kwa kuomba radhi. Juu ya lango akainua mnara mfupi wenye ngazi ya nje, akatundika humo ringi ya lori iwe kengele. Kutoka mnarani aliona gati, mashamba, na njia zote mbili, na katika muda wote aliopanda huko kuchunguza adui, alichowahi kukiona ni mbuzi wa Bi Radhiya wakila simsim ya jirani. Upande wa mashariki, ule unaotazama nyumba ya Bi Radhiya, hakuacha tundu hata moja. Bi Radhiya alipouliza, Philip alisema ni kwa sababu ya jua la asubuhi.

"Yua," akasema Bi Radhiya, akautazama ule ukuta mtupu. "Haya. Yua ni kali kweli." Na hakusema neno jingine, kwa kuwa ni mwanamke mwenye adabu.

Kanisa likaanza kutumika kabla hata halijabarikiwa. Owen, polisi kijana wa pale kituoni, alipoingia mara ya kwanza alizunguka, akatazama juu, akapiga mluzi. "Afande," akasema, "hii si kanisa, buda. Hii ni seli ya VIP." Watu wakacheka. Philip akacheka pia, kicheko cha mtu asiyeelewa utani lakini hataki kuachwa nyuma. Kila Jumapili alisimama nje ya mlango, wima, mgongo kwa madhabahu na macho kwa njia. Aliwahesabu waumini wakiingia, akawahesabu wakitoka, na hesabu isipolingana aliingia kumtafuta aliyebaki. Ibada nzima aliisikia kwa kisogo. Alikuwa amejenga kanisa, na hakuwa amewahi kuketi ndani yake watu wakiimba.

Na Jerioth hakuwa ameingia kabisa.

Siku ya kwanza alifika amevaa vizuri, Biblia mkononi. Akasimama mbele ya mlango, akautazama kwa muda, akaupitisha mkono juu ya mbao na juu ya chuma. Kisha akageuka, akaenda kuketi kwenye benchi chini ya mwarobaini, hapo nje, akafungua Biblia yake. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Mahubiri aliyasikia kupitia mlango ulio wazi, nyimbo aliziimba kutoka pale benchini, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko za wote walio ndani. Philip amesimama, mkewe ameketi, hatua chache kati yao, wamenuniana kwa heshima mbele ya watu.

"Mama Ian," alimuuliza nyumbani, "kwani kanisa lina nini?"

"Kanisa halina neno," Jerioth akajibu. "Mlango wako umeniambia yote."

Philip akaenda akatia bawaba mafuta ya nazi. Akamwita Ghassan aupige randa ubao wa chini uliokuwa ukikwaruza. Jumapili ikafika, Jerioth akapita, akautazama mlango uliong'aa, akaenda benchini. Philip akahitimisha kwamba mkewe amekuwa mkaidi kwa sababu ya umri, na kwa sababu ni mtu wa haki akamsamehe.

Ukweli ni kwamba lilimuuma sana. Zilipokuja zile habari za bara, watu wengine walifikiria watoto wao, mali yao, njia ya kurudi kwao. Yeye alifikiria uso mmoja tu, wa Jerioth akienda shule asubuhi na mkoba wake wa madaftari, peke yake kwenye ile njia ya mchanga. Kila tofali aliloweka aliliweka kwa ajili ya uso huo. Hakuwa amemwambia. Askari jela hasemi mambo kama hayo, na hata kama angetaka, angeanzia wapi? Na sasa wale wote waliokuja na hofu zao walikuwa ndani salama, isipokuwa yule mmoja aliyejengewa.

Ndipo habari ikaja kwamba Baba Askofu atafika kuliweka kanisa wakfu. Philip alipaka mlango rangi upya. Alisema hataki sifa, na huo ulikuwa uongo, alizitaka. Lakini alichokitaka kuliko sifa ni Jerioth aketi benchi la mbele siku hiyo, hata mara moja, hata kama ataingia amekunja uso.

"Kesho utaingia?" akamuuliza Jumamosi alasiri, akijifanya anatafuta viatu.

Jerioth alikuwa akisahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini. "Wewe utakuwa wapi?"

"Mlangoni. Wapi tena?"

"Basi mimi nitakuwa kwenye benchi," Jerioth akasema, akaichukua kalamu, na macho yake yalikuwa yamelowa. Philip akaona, akadhani ni moshi wa jikoni, ingawa jikoni hapakuwa na moto.

Baba Askofu alifika amechelewa, kanzu yake imepata tope la kupwa kwa maji gatini, lakini uso mchangamfu. Akagonga mlango, uliokuwa umeegeshwa tu, kwa fimbo yake kama ilivyo desturi ya siku hiyo, ukafunguliwa, waumini wakaingia nyuma yake wakiimba. Mlango ule siku zote ulizuiwa kwa jiwe kubwa usijifunge. Philip alilitazama lile jiwe, akaona halina hadhi ya kumpokea askofu, akalisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya kichaka. Akachukua nafasi yake nje. Jerioth benchini, hakumtazama.

Kabla ya mahubiri Baba Askofu akasimama, akatazama kuta, akatazama yale madirisha, akasita kidogo akitafuta neno la upole. "Ni jengo... imara," akasema. "Aliyejenga yuko wapi? Aje mbele tumwone."

Watu wakaanza kupiga makofi. "Afande! Afande!" Owen akaita. Philip akajikuta ametoka mlangoni anatembea katikati ya mabenchi, mikono haijui pa kukaa, masikio yamewaka moto. Alikuwa amefika katikati upepo wa kusi ulipoupiga mlango. Ukajifunga kwa kishindo, na nyuma ya kishindo ikafuata sauti ndogo ya chuma kikianguka mahali pake.

Kila mtu aligeuka. Philip peke yake hakugeuka, kwa sababu sauti ile aliijua. Aliisikia maisha yake yote ya kazi, asubuhi na jioni, na siku zote alikuwa upande wa pili.

Alikwenda mlangoni taratibu. Akaupapasa. Ndani hapakuwa na komeo, hapakuwa na mshikio, hapakuwa na hata msumari wa kuning'inizia kofia. Ulikuwa ubao mtupu, laini, uliopigwa randa vizuri. Akakumbuka siku aliyomchorea Ghassan mlango mchangani kwa kijiti, na jinsi Ghassan alivyomuuliza, "Komeo ni la nde, Bwana Philip?" naye akajibu kwa kushangaa, "La nje, ndiyo. Komeo huwa wapi?" Milango aliyoijua ilifungwa kwa nje, ikawa na kitundu cha kuchungulia chenye kifuniko cha nje, na komeo la chuma linaloanguka lenyewe ukibamiza. Alikuwa amejenga ngome ya kuwazuia maadui, akawawekea maadui komeo.

"Afande," Owen akasema kwa sauti ya chini, "umetuweka ndani na Bishop."

Mtu mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Joto lilikuwa limeanza kushuka kutoka kwenye mabati, na hewa ya yale madirisha ya paka haikutosha watu wote wale. Mtoto akaanza kulia, wa pili akamwitikia. Philip akasikia jasho likimtiririka mgongoni, na aibu ilikuwa nzito kuliko joto. Akabisha mlango wake mwenyewe.

"Mama Ian! Mama Ian, uko hapo?"

Kile kifuniko kikainuliwa, na kwenye kitundu likatokea jicho la Jerioth. "Nipo."

"Inua komeo."

Akamsikia akihangaika, akihema. "Haliinuki. Lina kutu, limekwama kabisa." Jicho likarudi. Likamtazama kwa muda. Philip alikuwa ametazama watu wengi kupitia kitundu kama kile, na hakuwahi kujiuliza wao wanaona nini. Sasa alijua. Wanaona jicho, halina mdomo wa kukwambia linafikiria nini.

"Usitoke hapo," Jerioth akasema, neno ambalo hata yeye huenda aliona lilivyo la kipuuzi, akaondoka mbio.

Bi Radhiya alikuwa uani kwake akipepeta simsim, na Ghassan akirekebisha mguu wa kitanda. Walikuja wote wawili, na majirani nyuma yao. Ghassan alilitikisa lile komeo, akalipiga nyundo, halikusogea. Mtu akaleta shoka. Ghassan akasimama mbele ya mlango akauzuia kwa kifua.

"Mlango huu hauvundiki kwa shoka," akasema. "Bwana Philip mwenyewe alinambia ufanye usivundike, nami nikafanya. Mutaharibu shoka bure."

"Kwani hukuona kwamba komeo liko nje?" Jerioth akamuuliza.

"Niliona. Nikadhani ndiyo dini yenu."

Ndani hawakuyasikia haya, maana ukuta ulikuwa mnene. Walichosikia baadaye kidogo ni kishindo upande wa mashariki. Kikafuata kingine. Vumbi jekundu likaanza kumwagika ukutani nyuma ya madhabahu. Baba Askofu akarudi nyuma. Mama mmoja akamkumbatia mwanawe. Kulikuwa na watu nje, na walikuwa wakibomoa ukuta. Ni jambo lile lile lililowafanya wajenge, lile waliloliota usiku baada ya usiku. Ingawa akili ya Philip ilijua kwamba ni Jerioth ameleta msaada, miguu yake ilikwenda yenyewe ikasimama kati ya ukuta na watu.

Kisha ikasikika wazi sauti ya mwanamke mwenye pumzi fupi: "Bismillahi!" Na jembe likaingia.

Lilitokeza ncha, likazunguka, likatoka na matofali mawili. Ukuta wa kuzuia risasi ulikuwa ukitoka vipande vipande, na tofali jingine Bi Radhiya alilichomoa kwa mkono. Mwanga ukaingia mwembamba, ukapanuka, na katikati yake ukaonekana uso wake, mwekundu wa vumbi mpaka nyusi.

"Bwana Philip," akasema, "sasa lile yua la asubuhi litakuwaje?"

Watu ndani wakaanza kucheka, kicheko kile cha watu waliokuwa karibu kulia. Bi Radhiya akasogea kando, na kwenye tundu, ambalo sasa mtu angeweza kupita kwa kuinama, akatokea Jerioth. Hakuwa akicheka.

"Kwa hiyo leo uko ndani," akasema.

"Niko ndani."

"Mwaka mzima nakungoja uwe ndani." Akajifuta uso kwa kiganja, akauacha na mstari mwekundu. "Mimi niliuona ule mlango siku ya kwanza, Baba Ian. Nimeishi na makomeo tangu unioe, nayajua. Nikaona umeliweka nje. Nikajua wakija, utatufungia sisi humo, na wewe utabaki pale nje peke yako mpaka wakuue. Kila Jumapili nakuona umesimama mahali penyewe utakapofia. Nikasema mimi siingii. Kama ni nje, tutakuwa nje wote wawili."

Baba Askofu alikuwa ameinamisha kichwa. Owen alikuwa akimtazama Philip kwa macho ambayo Philip hakuwahi kutazamwa nayo na kijana yeyote, na mwalimu mmoja mama alishatoa leso. Philip alihisi jinsi ilivyo rahisi. Angenyamaza tu. Angeinamisha kichwa kidogo, angekuwa shujaa mpaka siku ya kuzikwa, na mlango ule ungeonyeshwa wageni.

"Mama Ian," akasema, "sikupanga kitu. Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Nilisahau kwamba mlango una upande wa ndani. Nilimchorea Ghassan mlango ninaoujua, basi. Wala sikufikiria nitakuwa wapi. Na pale nje nasimama kwa mazoea. Nikikaa chini watu wakiwa wengi, naona kama nitafukuzwa kazi."

Jerioth alimtazama. "Ulisahau," akasema. "Nimekaa nje mwaka mzima, nalia usiku umelala unakoroma, nasema mume wangu amejiandalia kufa, kumbe ulisahau?"

"Ndiyo."

Kikamtoka Jerioth kicheko kikubwa, kikamshika tumbo, akajishikiza kwenye ukuta na ukuta ukammwagikia vumbi. Bi Radhiya akacheka naye, amemshika bega, anasema, "Na huyu ndiye aliyekuwa atulindie nti nzima!" Ghassan akacheka, majirani wakacheka, na Baba Askofu akalazimika kukaa. Philip alicheka pia. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na kitu kinachouma, kwani alikuwa amegundua kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akipendwa mapenzi makubwa kwa jambo zuri ambalo hakulifanya. Alitamani sana kwamba angelifikiria. Halikuwa jambo gumu. Lilihitaji tu mtu mwenye akili.

"Nishike mkono," Jerioth akasema. Akaingiza mguu, akainama, Bi Radhiya akamsukuma kwa nyuma, na Philip akamvuta. Akasimama ndani ya kanisa, gauni lake jekundu magotini, akatazama kuta, madirisha, mabati, watu. Hakusema ni zuri wala baya. Akaenda benchi la mbele, akaketi, akagonga kwa kiganja nafasi iliyo kando yake.

Philip alitazama ile nafasi. Kisha akatazama tundu, uwazi mkubwa, mchana mweupe, njia inaonekana hadi nyumbani kwa Bi Radhiya, na mtu yeyote angeweza kuingia. Shingo yake ikaanza kuwasha. "Na pale?" akauliza. "Pale nani atasimama?"

"Keti na mkeo," Bi Radhiya akasema kutoka nje, akaliegemea jembe lake. "Niko mimi hapa."

Philip akaketi, mgongo ameupa mlango, na Baba Askofu akaanza upya.